Mtungi wa pili: mimea niliyoikubali na niliyoikataa

14 Februari

Leo nimeumwaga mtungi wa kwanza, ule wa kioo wenye kifuniko niliofungia mimea michache iwe bustani ndogo. Nimechota udongo wote kwa kijiko, nikautandaza kwenye gazeti barazani, nikakaa chini kuutazama mmea mmoja mmoja ili nijue umeharibikiwa na nini. Kaktasi ndogo ilikuwa imeoza kutoka chini. Niliigusa kwa kidole ikabonyea kama parachichi lililopita siku zake. Mwanzi wa bahati ulikuwa bado wima, lakini kila jani lilikuwa na ncha ya kahawia, kama lililochomwa kwa kiberiti. Na ule mmea wa majani marefu yenye mstari mweupe katikati, unaoning'iniza vitoto vyake kwenye vikamba, nao ulikuwa na ncha zile zile, tena umerefuka mpaka majani yamejikunja chini ya kifuniko.

Kaktasi naielewa: nilichukua mmea wa ukame nikaufungia ndani ya mvuke. Urefu pia naelewa, maana nilinunua mche kwa udogo wake wa siku ile, bila kuuliza ukishakomaa utafika wapi. Hizo ncha za kahawia ndizo zilizoninyima usingizi.

18 Februari

Nimepata jibu, na lilikuwa kwenye bomba. Maji ya visima vingi vya Nakuru yana floridi nyingi, kwa sababu yanapita kwenye miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa. Sisi tuliokulia hapa tunaijua kwa madoa ya kahawia kwenye meno. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na ndiyo maana hapa kwetu kuna watu wanaochuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Mimea mingi haijali. Lakini mwanzi wa bahati, ambao kwa kweli si mwanzi, ni jamii ya drasena, unaumia upesi sana, na ule wa vikamba pia. Floridi hupanda na maji mpaka ncha ya jani. Maji yanatoka kama mvuke, yenyewe inabaki pale pale ikilundikana hadi ncha inaungua. Kwenye chungu chenye tundu unaweza kumwaga maji safi mengi yakasuuza udongo na kutokea chini. Mtungi uliofungwa hauna tundu. Maji yanapanda, yanashika kioo, yanateremka, yanaanza upya, na ulichokileta na maji hayo kinabaki humo humo.

Hilo limebadilisha namna ninavyochagua. Zamani nilikuwa nauliza kama mmea ni mzuri na mdogo. Sasa nauliza utakuwa na ukubwa gani baada ya mwaka, unapenda unyevu wa kudumu au la, na unakua kwa kasi gani. Na maji ya mtungi wa pili yatakuwa ya mvua tu.

1 Machi

Nimeshinda kwenye vitalu vya kando ya barabara nikiwa na rula ya binti yangu ya shule. Mtungi wenyewe ni ule wa kioo wa kuwekea peremende dukani, kimo sentimita 28, mdomo unapitisha mkono wangu ukiwa umekunja ngumi. Ukiondoa mawe na udongo, mmea unabakiwa na sentimita 18 hivi za kupumulia. Kwa hiyo jani lolote lililozidi sentimita 3 nililiacha. Jani kubwa linaugusa ukuta wa kioo, linalowa kutwa, linaanza kuoza kutoka pale lilipogusa.

Mama wa kitalu alinitazama napima majani, akaniuliza, "Kijana wangu, unashona nguo?"

Nikamweleza. Akaenda nyuma, akarudi na vifuko vitatu.

Cha kwanza kilikuwa fitonia ya majani madogo, yenye mishipa myeupe kama imechorwa kwa kalamu. Huu asili yake ni misitu ya Peru na jirani zake, unaishi chini ya miti mikubwa, kwa hiyo kivuli na unyevu ndiyo maisha yake. Ukikosa maji unazimia kabisa, unalala chini kama umekufa, na ukiupa maji unasimama tena baada ya saa chache. Kwenye chungu mezani tabia hiyo ni kero. Ndani ya mtungi ni faida, kwa sababu mmea unaokuambia mapema kwamba una kiu unakuokoa usimwage maji kwa kubahatisha. Nimeuchukua.

Cha pili ni mtini mdogo wa kutambaa, ule unaofunika kuta za nyumba za zamani za mtaa wa Milimani. Majani yake ni madogo mno, yanavutia, na kwa rula yangu ulipita. Mama akatikisa kichwa. "Huo ukishika kioo hautakiachilia. Mwenzio alirudi hapa baada ya miezi sita, mtungi umejaa huo peke yake." Nikaurudisha. Najua wako wanaoufurahia na kuukata kila wiki mbili. Mimi nataka mtungi ambao naweza kusafiri mwezi mzima nikauacha.

Cha tatu ni peperomia ya majani ya duara, manene kidogo. Hapa nilisita, kwa sababu majani manene huhifadhi maji na mara nyingi ni dalili ya mmea unaotaka kukauka kati ya kumwagiliwa. Lakini peperomia nyingi hukaa juu ya magogo na matawi yenye ukungu wa msituni: mizizi yake ni mifupi, haitaki udongo mzito, ila hewa yenye unyevu inaipenda. Nimeichukua, na nitaipanda juu kwenye mwinuko, mbali na sakafu ya mtungi.

Mmea ulioniuma kuuacha ni ule wa maua ya zambarau wa milima ya Usambara, Tanzania. Ulipelekwa Ulaya kutoka Tanga miaka ya 1890 na Mjerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire, na leo uko kwenye madirisha ya dunia nzima. Ndugu yake mmoja anaishi msitu wa Mbololo, Taita, kwetu hapa Kenya. Nilitamani sana mtungi wangu uwe na ua la Afrika Mashariki. Lakini majani yake yana manyoya. Tone la maji likikaa juu yake linaacha doa, na maua yakinyauka ndani ya mtungi uliofungwa yanageuka chakula cha ukungu. Nitautafutia bakuli la wazi siku nyingine.

Nimelipa shilingi 250 kwa mimea miwili pamoja na kifuko cha mboji.

8 Machi

Mawe ya chini nimepata bure kwenye kiwanja cha ujenzi: yale mawe mepesi ya volkeno, yenye matundu, yanayoelea ukiyatupa majini. Nimeyaosha mara tano. Juu yake kipande cha chandarua cha mbu kilichochakaa, ili udongo usishuke kwenye mawe. Kisha udongo: mboji, mchanga wa mto wenye chembe nene na vumbi la makaa.

Yale majani laini kama zulia yanayoota kwenye ukuta wenye maji, yaitwayo mosi, sikwenda kuyang'oa msituni. Msitu wa Mau umeshanyang'anywa vya kutosha. Nimeyabandua kwa kisu nyuma ya tangi letu la maji, kipande cha ukubwa wa kiganja, na kubakiza mengi ili yajirudishe.

23 Machi

Mvua imeanza. Ya kwanza niliiacha ioshe vumbi la mabati, ya pili nikaweka ndoo. Nimepanda jioni ile ile. Vijiko kumi na viwili vya maji kwa mtungi mzima, basi.

12 Aprili

Kioo kinanieleza. Asubuhi upande wa dirishani una ukungu wa mvuke, saa sita mchana umekwisha. Hivyo ndivyo nilivyotaka. Wiki ya kwanza kilikuwa kinatiririka kutwa, nikawa nafungua kifuniko kwa muda wa saa mbili kila siku, mpaka kikatulia.

Jani moja la peperomia lilianguka likaota nywele nyeupe za ukungu. Nimelitoa kwa kibanio cha nyusi.

30 Mei

Fitonia imetoa majozi manne ya majani mapya, na hakuna hata ncha moja ya kahawia. Nimewaita watu wa nyumbani waje waone. Peperomia imekua kiasi cha ukucha wangu. Tangu Machi sijaongeza tone.

14 Juni

Kuna kitu kwenye mosi. Nilidhani ni jani lililokatika, nikachukua kioo cha kukuzia. Ni kijani kibichi, kipana kama milimita 5, chembamba hadi mwanga unapita, na kina umbo la moyo kamili. Viko vitatu.

Ni makangaga, mimea isiyotoa maua inayopenda kivuli na unyevu. Kangaga halianzi kama mmea tunaoujua. Badala ya mbegu lina vumbi, na vumbi hilo likitua penye unyevu linatoa kwanza kijimoyo hiki, ndipo kangaga lenyewe lizaliwe juu yake. Lilikuja na mosi kutoka kwenye ukuta wa tangi.

Nilikumbuka kisa cha daktari wa London, Nathaniel Bagshaw Ward. Mwaka 1829 alifungia kifukofuko cha nondo kwenye chupa yenye udongo mbichi, na udongo ule ukaota kangaga na nyasi. Alikuwa amehangaika kwa muda mrefu kuotesha makangaga kwenye ua wake, moshi wa makaa ya mawe ukiyaua yote, na sasa hili limeota bila yeye kulipanda, likaishi karibu miaka 4 bila kumwagiliwa. Kutoka hapo akatengeneza makasha ya kioo, na mwaka 1833 mimea ikasafiri ndani yake kwa meli mpaka Sydney ikiwa hai. Miaka kama kumi na mitano baadaye miche ya chai ilitolewa China kwenda India ndani ya makasha kama hayo.

Mwanangu aliuliza, "Baba, tukiacha yote matatu, yatapata nafasi?" Hapana, hayatapata. Lakini kuchagua moja kabla sijajua lipi lina nguvu sitaki.

5 Julai

Usiku umekuwa wa baridi kali wiki hii, nimesogeza mtungi mbali na dirisha. Kijimoyo cha katikati kimetoa kijiti chembamba kama uzi, na mwishoni mwake kuna jani lililojikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Vingine viwili bado viko bapa. Rula inasema milimita 9.