Mkanda usiwe wa kudaka mawe: nilipofika na mradi wa sehemu ya kupakia

Kwa anayeanza kunifuata hapa: kazi yangu ni kutengeneza mikanda ya konveya inayobeba mawe, na mradi huu ni wa kutafuta namna ya kuukinga mkanda pale mawe yanapouangukia. Konveya inaweza kuwa na urefu wa mamia ya mita, lakini mara nyingi maisha ya mkanda huamuliwa ndani ya mita chache zilizo chini ya shuti, yaani njia ya chuma inayoshushia mawe juu ya mkanda. Kwingine kote mzigo umetulia na mkanda unausafirisha tu.

Stendi ya majaribio imekamilika. Ni fremu ya vyuma chakavu yenye kapi juu, na chini yake nimekaza kipande cha mkanda wa zamani wa EP 400/3, yaani wenye tabaka 3 za kitambaa na nguvu ya nyutoni 400 kwa kila milimita ya upana. Jiwe la kilo 20 lenye kona kali linainuliwa mita 2 kisha linaachiwa. Kwa kimo hicho linafika likiwa na mwendo wa zaidi ya mita 6 kwa sekunde na nishati ya karibu jouli 390. Ukipunguza kimo kwa nusu, nishati nayo inapungua kwa nusu. Ukubwa wa jiwe una hesabu kali zaidi: jiwe la umbo lilelile likiwa pana mara mbili, uzito wake ni mara nane. Ndiyo maana siku hizi sianzi kwa kuuliza konveya inabeba tani ngapi kwa saa. Nauliza jiwe kubwa kuliko yote lina ukubwa gani, na linaanguka kutoka wapi.

Jaribio la kwanza lilikuwa juu ya rola ya chuma tupu. Mpira wa juu, ule unaofunika kitambaa cha mkanda, ulionekana mzima, ukiwa na alama ndogo tu. Nikaupasua kwa kisu: nyuzi za tabaka ya chini zilikuwa zimekatika. Mkanda ulibanwa kati ya jiwe na chuma, na aliyeumia ni kitambaa kilicho ndani. Hili naliona jambo zito kuliko yote katika mradi huu, kwa sababu mkaguzi anayepita na tochi hawezi kuliona. Mkanda unaendelea kufanya kazi huku kiini chake kinadhoofika, na siku utakapochanika watu watatafuta sababu iliyotokea siku hiyo.

Rola za mpira, zile zenye visahani vya mpira vilivyopangwa kwenye mhimili, zilileta nafuu kubwa. Ila jiwe haliangukii juu ya rola kila mara. Likianguka katikati ya rola mbili, mkanda unabonyea, na kwenye konveya halisi ukibonyea hapo unaachana na sketi za pembeni, yaani kingo za mpira zinazozuia mzigo usimwagike, kokoto ndogo zinapenya na kukwama. Kwa hiyo nimejenga kitanda: mihimili mirefu iliyolala kufuata mkanda, juu plastiki ngumu inayoteleza, katikati mpira mnene, chini chuma. Mihimili ya kati nimeishusha kidogo ili mkanda ukiwa mtupu usiikwaruze. Ya pembeni inagusa mkanda muda wote, maana ndiyo inayoushikilia chini ya sketi. Kitanda kina gharama yake. Hakizunguki kama rola, kwa hiyo msuguano unaongezeka na mota inabeba mzigo zaidi. Ndiyo sababu nimekifanya kifupi, kiishie mawe yanapotulia, na baada yake rola za kawaida zinaendelea.

Wengi wangeishia kwenye kitanda. Mimi naona kitanda ni kinga ya mwisho, na kazi kubwa iko juu, ndani ya shuti.

Tangu Thomas Robins alipoanza, mwaka 1892, kutengeneza mikanda ya kubebea mawe ya madini ya chuma katika mradi wa Thomas Edison huko New Jersey, mpira wa juu ndio umekuwa ngao ya kitambaa. Kuongeza unene wa ngao hiyo kunasaidia, lakini kumzuia adui mapema kunasaidia zaidi. Ndani ya shuti nimechomelea rafu ya chuma inayoshika vifusi, ili mawe yagonge mawe wenzao kabla ya kushuka. Kimo cha mwisho kimepungua sana. Kwa mawe makavu naipenda mno rafu hii. Kwa udongo wa mfinyanzi uliolowa singeiweka, kwa sababu utaganda na kuziba shuti.

Kwenye mdomo wa shuti nimeweka chujio la nondo, na nafasi kati ya nondo inapanuka kuelekea mbele ili jiwe lisikwame. Kokoto ndogo zinapenya kwanza na kutandaza godoro juu ya mkanda, kisha mawe makubwa yanaangukia hapo. Mdomo wenyewe nimeupinda ufuate upande mkanda unakokwenda. Jiwe linaloanguka wima halina mwendo wowote wa kwenda mbele, hivyo mkanda unalazimika kulivuta hadi lilingane nao, na katika kuvutana huko mpira wa juu unasagika.

Mambo mawili yaliyosalia hayahitaji chuma kingi, lakini sitayaruka. Pengo kati ya mabamba ya pembeni na mkanda lazima lipanuke taratibu kuelekea mbele, milimita chache tu zinatosha. Likiwa linabana kuelekea mbele, jiwe likinasa litaendelea kushindiliwa, na mkanda unaopita chini yake utapasuka kwa urefu wake wote. Pili, shuti lisimwage pale mkanda unapotoka kwenye puli ya nyuma, yaani gurudumu pana ambalo mkanda unaorudi unalizunguka ili uanze safari upya, kabla haujamaliza kujikunja kuwa na umbo la mfereji. Hapo kingo zimevutwa na mkanda haujalala sawasawa juu ya rola. Nimesogeza mdomo mbele, na sasa mzigo unashuka katikati.

Mbele ya puli ya nyuma, juu ya mkanda unaorudi, bado sijafunga plau ya umbo la V ya kusukuma nje kokoto zinazodondokea upande wa ndani wa mkanda. Fremu yake imeshakatwa, inasubiri ubao wa mpira. Ikishafungwa nitapima ampea za mota, kwanza mkanda ukiwa mtupu, kisha ukiwa na mzigo kamili, nijue kitanda kinakula nguvu kiasi gani.