Kabla ya kuchagua algoriti ya mtandao

Vijana wanaoanza kusoma grafu (michoro ya nukta na viungo vinavyoziunganisha) hapa Unguja huniuliza algoriti ipi, yaani utaratibu upi wa hatua kwa hatua wa kupanga mtandao, ni bora, nami huwarudisha kwanza kwenye kile wanachotaka kukipunguza, kwa sababu algoriti mbili zilizo sahihi kabisa zinaweza kupewa ramani moja zikatoa mitandao miwili tofauti.

Tuchukue vijiji vitatu: A hadi B ni kilomita 10, B hadi C 6, A hadi C 12, na kituo cha umeme kiko A. Algoriti ya Kruskal, ya mwaka 1956, hupanga viungo kuanzia kilicho kifupi na kukubali kila kisichofunga duara; itachagua AB na BC, jumla kilomita 16. Ile ya Dijkstra, iliyochapishwa 1959, hutafuta njia fupi kutoka A kwenda kila kijiji. Itachagua AB na AC, kilomita 22. Anayebana bajeti ya waya atachukua ya kwanza, na anayehofia umeme kupotea njiani kabla ya kufika C atachukua ya pili. Gharama ya kiungo ikiweza kuwa hasi, Dijkstra haaminiki tena na hutumika algoriti ya Bellman-Ford, lakini kwenye nyaya na mabomba jambo hilo ni nadra.

Baada ya swali la waya na lile la umeme kupotea njiani, ninalolijali zaidi ni la tatu: kiungo kimoja kikikatika, itakuwaje? Sisi watu wa visiwani hatuna ruhusa ya kulisahau. Mti wa Kruskal, yaani mtandao wake usio na duara, ni nafuu kwa kuwa umeondoa kila njia ya ziada, hivyo kikikatika kiungo chake chochote mtandao hugawanyika. Kuanzia Desemba 2009 Unguja ilikaa takribani miezi mitatu bila umeme wa gridi, baada ya hitilafu kwenye njia ya baharini itokayo Bara. Waya wa pili, wenye uwezo mkubwa zaidi, ulianza kazi 2013. Hapa ndipo wanapohitajika wanahisabati Ford na Fulkerson, walioonyesha kwamba mtiririko mkubwa kabisa kutoka chanzo hadi mlaji ni sawa na uwezo wa mkato mdogo kabisa unaowatenganisha, mkato ukiwa ni viungo ambavyo vikikatwa chanzo na mlaji hutengana. Kila kiungo kikipewa uwezo wa 1, jibu huwa ni idadi ya njia zisizochangia kiungo hata kimoja. Likitoka 1, mkato wenyewe hutuonyesha mahali pa kuongeza waya.

Kuupata mtandao wa bei ndogo kabisa unaostahimili kukatika kwa kiungo kimoja ni tatizo gumu, ambalo hadi leo halina algoriti ya haraka inayojulikana. Kwa hiyo mimi huanza na mti wa Kruskal, kisha huongeza viungo kimoja kimoja, nikipima mtiririko kila mara, mpaka pasiwepo kijiji chenye jibu la 1.