"Huyu ni nani?" Siku niliyompeleka shangazi kutazama picha

Jumamosi iliyopita nilimpeleka shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, kukitazama kituo kipya cha picha na sanaa kilichofunguliwa kwa ajili ya umma hapa Moshi, mwendo wa dakika chache kutoka mnara wa saa. Nilikuwa nimekwisha kwenda peke yangu mara moja, nikazunguka vyumba vyote kwa nusu saa na kutoka nikiwa nimeridhika. Safari hii tulikaa karibu mchana kutwa, na nilitambua kwamba mengi niliyodhani nimeyaona sikuwa nimeyaona.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, yenye paa la bati na baraza pana, na ndani kuta zimepakwa chokaa nyeupe tupu. Hakuna kiingilio, mgeni huandika jina lake mlangoni na kupita. Nalitaja jambo hili kwa sababu katika mji ambao watalii hupita kila siku kuelekea mlimani, mahali pengi penye kitu cha kutazamwa pametengenezwa kwa ajili yao, na mwenyeji akiingia huonekana kama aliyepotea njia. Hapa binti aliyetupokea alimwamkia shangazi shikamoo, akampa kiti chepesi cha kukunja ili akae popote atakapochoka, kisha akatuacha tutazame kwa mwendo wetu.

Katika chumba cha kwanza kumetundikwa nakala za picha za nchi ya Kilimanjaro zilizopigwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Picha zenyewe za asili ziko Ujerumani. Nyingine ni za wamisionari wa Leipzig, walioanza kazi kwa Wachaga mwaka 1893, na nyingine ni za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na studio Dar es Salaam wakati wa utawala wa Wajerumani, ambaye picha zake leo zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Ujerumani. Shangazi alipita taratibu, akasimama mbele ya mwanamke aliyepigwa picha pembeni ya mgomba, shanga shingoni na mtoto mgongoni. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, hivyo aliniomba nimsomee. Karatasi iliyobandikwa chini ilimtaja mpiga picha, ikataja mwaka, ikataja mahali linapohifadhiwa bamba la kioo, na mwishoni ikasema: mwanamke wa Kichaga.

"Huyu ni nani?" shangazi akauliza.

Nikadhani hakusikia, nikarudia kumsomea.

"Nimekusikia, baba. Nakuuliza jina lake."

Sikuwa na jibu, na binti wa mapokezi tulipomwita naye hakuwa nalo. Tangu hapo shangazi aliuliza swali hilo hilo mbele ya kila picha, nami nikaanza kuona kitu ambacho mara ya kwanza kilinipita: katika chumba kile kizima, watu karibu wote waliotazamana na kamera hawakuwa na majina. Walikuwa mpagazi, mama, mzee, vijana wa shule, mke wa mangi, yaani mtawala wa Wachaga.

Inafaa kukumbuka jinsi picha hizo zilivyopatikana. Kamera ilikuwa sanduku zito lililosimamishwa juu ya miguu mitatu, na ndani yake liliingizwa bamba la kioo lililopakwa kemikali yenye chumvi za fedha, kitu ghali, kizito na chepesi kuvunjika, ambacho mtu hakukitumia ovyo. Mpiga picha alimpanga mtu wake, akamwonesha pa kusimama, akajifunika kitambaa cheusi na kuitazama sura ile ikiwa imepinduka kichwa chini kwenye kioo cha nyuma. Kwa muda wote huo wawili hao walikuwa mahali pamoja, wakitazamana, na kuuliza jina kungechukua pumzi moja. Sitaki kumhukumu mtu nisiyemjua. Yawezekana jina liliulizwa na kuandikwa katika daftari ambalo halikusafiri pamoja na kioo. Hata hivyo, jina la mpigaji lilisafiri.

Ukuta wa kulia wa chumba hicho ni wa mlima, na hapo ndipo tofauti iliponiuma zaidi. Kibo na Mawenzi hawana picha hata moja isiyo na jina, na karibu kila picha ina mwaka na mahali aliposimama mpigaji. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, wanajulikana kwa majina kamili kwa kila mtoto wa shule. Katika watu wa kwetu waliokwenda na safari za namna ile, jina tunalolisikia mara nyingi ni la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, na hata yeye alikuja kupewa heshima hadharani mwaka 1989, miaka mia moja ilipotimia.

Na angalieni faida iliyopatikana kwa sababu mlima uliandikiwa jina, mahali na mwaka. Kwa kulinganisha picha na ramani za kale na za sasa, wataalamu wameweza kupima barafu ya Kilimanjaro, na vipimo vyao vinaonesha kwamba kati ya mwaka 1912 na 2011 ilipungua kwa takriban asilimia 85. Shangazi alikaa kwenye kiti chake mbele ya picha mbili za Kibo zilizotundikwa sambamba, ya kale na ya karibuni, akasema kwamba alipokuwa msichana weupe ule ulishuka chini kuliko sasa na yeye alidhani ni macho yake yanayozeeka. Picha ya mlima, kwa kuwa iliandikwa sawasawa, imekuwa ushahidi unaoweza kumthibitishia bibi wa Kibosho kwamba kumbukumbu yake ni ya kweli. Picha ya yule mama wa mgombani, kwa kukosa neno moja, haiwezi kumthibitishia mjukuu wake chochote. Huenda mjukuu huyo alipita pale pale juma lililopita, akaitazama, akaendelea na safari.

Chumba cha pili ndicho kilichotuweka. Hapa kuna picha za studio za hapa Moshi, zilizoazimwa kutoka kwa familia za mjini na za vijijini, nyingi za miaka ya 1950 hadi 1980: picha za kipaimara, picha za maharusi, picha za kijana anayeondoka kwenda kutafuta kazi Dar es Salaam, picha za mtumishi wa KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa ulioanzishwa mwaka 1933, akiwa na kalamu mbili mfukoni. Shangazi alibadilika kabisa. Alinieleza kwamba kwenda studio halikuwa jambo la siku yoyote. Watu walisubiri malipo ya kahawa, au walisubiri Krismasi wakati ndugu wote wamerudi nyumbani, wakashuka mjini kwa miguu wakiwa wamebeba viatu mkononi ili visichafuke, wakavivalia mlangoni kwa mpiga picha. Koti moja la studio lilivaliwa na vijana wa ukoo mzima kwa zamu. Baadaye ulisubiri wiki mbili hadi mkanda uishe na picha zisafishwe, ndipo ukajijua ulivyotoka.

Karibu picha zote za chumba hiki zina majina ya waliopigwa, kwa sababu zimetoka mikononi mwa watoto na wajukuu wao. Ajabu ni kwamba hapa aliyepotea ni mpiga picha. Muhuri wa studio hukutwa nyuma ya picha chache tu. Mambo haya si ya Moshi pekee. Zanzibar walibahatika, maana Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilirithiwa na mwanawe, na picha zikabaki na wenyewe. Lakini Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948 na kuwapiga watu wa mji wake picha ambazo leo dunia nzima inazisifu, kazi zake zilipooneshwa New York mwaka 1991 ziliandikwa kuwa ni za mpiga picha asiyejulikana. Mwenyewe alikuwa hai, yuko nyumbani kwake Bamako. Ilibidi mtu afunge safari hadi Mali kumtafuta. Aliishi miaka kumi baada ya hapo, akaliona jina lake likirejeshwa. Wapiga picha wa studio zetu wengi wamekwisha kutangulia.

Katika kona ya chumba kuna meza yenye skana, na siku za Jumamosi mtu akileta picha zake za nyumbani hunakiliwa papo hapo, akarudishiwa za kwake pamoja na nakala. Kijana anayeisimamia alitufundisha mambo ambayo natamani kila nyumba iyajue. Picha za rangi za miaka ya 1970 zinazogeuka kuwa nyekundu zimepoteza rangi ya samawati kwanza, na hali hiyo haizuiliki, bali hucheleweshwa kwa kuziweka mahali pakavu, penye ubaridi na giza. Mikanda ya zamani inayotoa harufu ya siki imeanza kuoza, na inapaswa kutengwa na mingine upesi, maana mvuke wake huiharibu iliyo mizima. Nyuma ya picha pasiandikwe kwa kalamu ya wino, kwa kuwa wino hupenya na kuchafua uso. Paandikwe kwa penseli laini, bila kukandamiza.

Nina malalamiko mawili, nayo niliyaandika katika kitabu cha maoni. Madirisha ya upande wa magharibi hayana mapazia, na kuanzia saa tisa jua linapiga moja kwa moja kwenye safu nzima ya picha, jambo ambalo kituo cha kuhifadhi picha hakiwezi kuliacha hata msimu mmoja. Tena, katika chumba cha kwanza Kiswahili kimewekwa chini ya Kiingereza, kwa herufi ndogo zaidi, kiasi kwamba wazee ambao wangeweza kuzitambua sura zile ndio wasioweza kusoma wanachoulizwa. Chumba cha tatu, cha wachoraji na wapiga picha vijana, kinastahili siku yake. Nitasema tu kwamba kijana aliyepiga waendesha bodaboda wa stendi ameandika jina la kila mmoja na kijiji alikotoka, na shangazi alimsifu kwa hilo kabla ya kuzisifu picha.

Tulipokuwa tunaondoka aliniita. Alikuwa amesimama mbele ya picha moja ya chumba cha pili isiyo na maelezo: msichana mwenye gauni la maua, mkono umewekwa juu ya kigoda kirefu, nyuma yake pazia lililochorwa ngazi na ziwa lenye ndege wawili. Msichana hakumtambua. Pazia alilitambua, kwa sababu yeye mwenyewe alisimama mbele yake mwaka wa kipaimara chake. Alikumbuka mtaa, alikumbuka kwamba ndege mmoja alifutika pale watu walipokuwa wakiegemea, na kwamba kigoda kile kilivunjika kikabadilishwa kwa kiti cha chuma. Kwa hiyo picha hii, yenye ndege wote wawili na kigoda, ilipigwa kabla ya ile ya kwake. Binti wa mapokezi alileta daftari lililowekwa kwa ajili hiyo, nami nikaandika kila neno kama shangazi alivyolitamka. Jina la msichana bado halipo, lakini sasa wanajua mtaa alikopigiwa picha na miaka ya kumtafutia.

Jioni, nyumbani, alitaka liletwe kopo la biskuti lenye picha zetu. Tulizitandaza mezani, nikachukua penseli, tukaanza. Katika picha ya harusi ya wazazi wangu yuko mvulana pembeni kabisa, ameshika chupa ya soda kwa mikono miwili. Nimeitazama picha hiyo tangu utoto wangu, na sikuwahi hata mara moja kuuliza habari zake. "Huyo ni Eliamani," shangazi akasema. "Ndiye aliyetuchotea maji ya harusi yote, kuanzia alfajiri." Nikaigeuza picha, nikaandika jina, nikamsomea. Akaniambia niongeze na la baba yake.