Siku ya nne

Tumsifu Yesu Kristo.

Tumeingia Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, na huku kwetu Novemba ina harufu yake. Mabibo yanachacha chini ya mikorosho, watu wako shambani tangu alfajiri wakiokota, jioni magunia yanakwenda ghala la chama cha msingi cha ushirika. Katikati ya pilika hizo Kanisa linatuita makaburini. Nakiri kuna miaka niliona kwamba mwezi huu umekaa vibaya: nani ana nafasi ya kufyeka makaburi wakati wa msimu?

Mwezi wa nane mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikristo alifiwa na mumewe. Si ndugu yangu wa damu, ila namwita shangazi. Msiba ulikwenda vizuri, kama tunavyosema. Turubai lilipatikana, WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) walishika jiko, vijana wetu na wa majirani Waislamu walipokezana jembe kaburini bila kuulizana dini. Mimi ndiye katibu wa jumuiya, kwa hiyo nilikaa na daftari la rambirambi. Usiku rozari, asubuhi uji. Siku ya tatu tukaanua matanga; mikeka ikakunjwa, masufuria yakarudi kwa wenyewe.

Wakati wa kuaga nikamwambia, "Shangazi, usilie tena sasa. Sisi ni Wakristo, tuna matumaini." Akajifuta macho kwa pindo la kanga, akasema, "Nimekusikia, mwanangu." Nikaondoka nikijiona nimefariji.

Kama wiki tatu baadaye nilipita kwake kufuata mfuniko wa sufuria uliosahaulika. Nilimkuta jikoni ameketi kwenye kigoda, mbele yake sinia la ugali usioguswa, mkubwa kuliko tumbo la mtu mmoja. Akaona ninavyoutazama. "Mkono haujazoea kipimo," akasema. Kisha akanikaribisha, tukala. Katika wiki hizo tatu hakuna mwanajumuiya aliyekuwa amefika pale, na mimi katibu nimo.

Tangu hapo Injili ya Lazaro naisoma tofauti. Yesu alifika Bethania maiti ikiwa na siku nne kaburini. Martha alimweleza bila kuficha kwamba ndugu yake ameshaanza kunuka. Na Yesu alijua anachokwenda kufanya. Muda mfupi baadaye angemwita Lazaro atoke. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema "usilie," ni yeye. Badala yake: "Yesu akalia machozi" (Yn 11:35). Alilia akiwa na ufufuko mkononi.

Mtume Paulo naye tunamnukuu nusu nusu. Hakuwaambia Wathesalonike wasihuzunike. Aliwaambia wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini (1 Thes 4:13). Kwa hiyo huzuni imeruhusiwa. (Na lile neno letu la "ni mapenzi ya Mungu, nyamaza," mimi ningelipumzisha kidogo. Mungu hajatuomba tumtetee mbele ya mjane.)

Matumaini yetu yana kazi za kufanya. Yuda Makabayo, kiongozi wa vita wa Wayahudi, wapiganaji wake walipouawa, alikusanya drakma elfu mbili za fedha akazipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili yao, kwa kuwa alifikiri juu ya ufufuko (2 Mak 12:43). Ule nao ulikuwa mchango wa msiba, ila ulikwenda kwa waliokufa. Zile bahasha za nia za Misa tunazoandika majina ya marehemu, ili Misa isomwe kwa ajili yao, ni za ukoo huo huo. Hata tarehe 2 Novemba tumeipokea kutoka kwa wamonaki: Abate Odilo wa Cluny, Mbenediktini, ndiye aliyeagiza siku hiyo itumike kuwaombea marehemu wote. Ni wamisionari wa utawa huo huo wa Kibenediktini waliojenga misheni za Lukuledi, Nyangao na Ndanda, huku kusini mwa Tanzania.

Nao wamisionari hao walilia katika ardhi hii. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani kuelekea Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, na misheni ya Nyangao ikaharibiwa. Hao majina yao yameandikwa. Wazee wetu waliokufa kwa risasi, na kwa njaa iliyofuata, wengi hatujui hata walipolala. Ndiyo maana mwaka huu nimeweka bahasha moja ya "marehemu wasio na wa kuwaombea." Siku zile nane, tarehe 1 hadi 8, anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu anaweza kuwapatia walio toharani, yaani wanaotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote iliyobaki ya dhambi zilizosamehewa, pamoja na kitubio, komunyo na sala kwa nia ya Baba Mtakatifu. Msimu wa korosho hauzuii hilo. Makaburi yetu yako njiani kwenda shamba.

Jumamosi iliyopita tulikwenda watu wanane wa jumuiya kumwokotea shangazi korosho. Mchana wakati wa kurudi akaomba tupitie kaburini. Msalaba wa mti ulikuwa umepauka, jina halisomeki vizuri kwa jua na vumbi. Alikuwa na kopo dogo la rangi nyeupe kwenye kikapu, chini ya mabibo. Kumbe alijipanga tangu asubuhi. Akanipa nishike kopo, akachovya brashi, akaanza herufi ya kwanza. Kwenye ya tatu machozi yakaanza kumtoka, na mkono haukusimama. Safari hii sikusema kitu. Alipomaliza tarehe ya kufa akatazama kazi yake, akaniuliza kama mstari umekaa sawa. Ulikuwa umepinda kidogo. Nikamwambia uko sawa, shangazi, tukaanza: raha ya milele umpe, ee Bwana.