Nimerudi Mikindani, mjomba anasema nafuga mbu

Miaka 11 nimekaa Muscat. Niliporudi, mjomba alikagua uwanja wa nyuma akaguna: "Mpwa wangu, hela zote hizo umekuja kuchimbia madimbwi?"

Ni vidimbwi viwili tu, vya kuwavuta kereng'ende. Huku kwetu ukichimba kidogo unagonga jiwe la matumbawe, na cha kwanza kilivuja usiku mmoja, asubuhi nikakuta tope. Fundi akarudia sakafu kwa saruji, nikapanda yungiyungi na matete. Wiki ya pili viluwiluwi vya mbu vikajaa, na mtaa mzima ukampa mjomba ushindi.

Nilishauriwa nitie perege. Nikakataa, maana perege hali mbu peke yake, angemaliza na watoto wa kereng'ende niliokuwa nawasubiri.

Kaskazi ilipoanza kuvuma, wakaja. Wapo wekundu kama pilipili iliyoiva, hao hukaa kwenye tete wakilinda eneo lao. Wapo na wa manjano, wanaozunguka hewani bila kutua. Hao wa manjano ndio wanaonishangaza. Charles Anderson, mwanabiolojia aliyeishi Maldivi, alieleza mwaka 2009 kwamba wanavuka bahari kutoka India kupitia visiwa hivyo hadi Afrika Mashariki, wakibebwa na upepo na kufuata mvua. Kaskazi hiyo hiyo iliyoleta majahazi! Mimi nimekuja kwa ndege na bado nilishuka miguu imevimba.

Jike hugusagusa maji kwa ncha ya mkia, anataga. Mtoto huishi chini ya maji, hana sura ya mzazi hata kidogo, na mdomo wake wa chini hufyatuka mbele kudaka viluwiluwi.

Alfajiri moja nilimwona mmoja akipanda tete. Akaganda. Mgongo ukapasuka, akajitoa taratibu, mbawa zimekunjamana kama leso iliyokamuliwa. Chai yangu ikapoa nikimtazama zikinyooka. Jua lilipopanda, akaruka.

Ganda lake nikampelekea mjomba. Aliligeuzageuza kiganjani, akauliza kama linauma. Haliumi, na kereng'ende mwenyewe hana mwiba.

Siku hizi baada ya alasiri mjomba anakuja na kigoda chake, anasema anafuata upepo. Juzi nimekuta kijiti cha mpera kimechomekwa katikati ya kidimbwi, wadudu wapate pa kutua. Nimeuliza nyumba nzima, hakuna aliyekiri.