Dagaa wa angani na macho ya nyavu

Juzi saa moja na nusu usiku nilikuwa Igombe, Mwanza, kwa mjomba, giza la dagaa lenyewe, mitumbwi ishaingia ziwani taa zinawaka kule mbali utadhani mji mwingine. Yeye hakwenda, mashine imekorofisha, basi tumekaa mchangani tunapiga stori mara kikapita kidoti juu, kimya, hakipepesi kama ndege.

"Hiyo nini?" Nikamwambia setilaiti, au labda mzoga wa roketi la zamani. Akauliza sasa nani anavijua vyote vilivyoko huko?

Nikaona nimjibu kivuvi. Rada, zile mashine zinazorusha mawimbi ya redio na kusikiliza mwangwi unaorudi, ni kama nyavu, kila moja na macho yake. Zile za zamani za kuangalia makombora, kuna ambazo wimbi lake lina urefu wa sentimita 70 hivi, sasa kipande kikiwa kidogo sana kuliko wimbi mwangwi unaorudi unakuwa hafifu mno, kinapenya kama dagaa kwenye nyavu ya sangara. Ndo maana miaka mingi orodha ya vinavyofuatiliwa kimoja kimoja iliishia vya sentimita 10 kwenda juu. Na umbali nao balaa, ukiongezeka mara mbili mwangwi unabaki sehemu 1 ya 16.

Hivyo vidogo je? Hapo ndo utamu. Kuna rada ya Haystack, Massachusetts kule Marekani, wimbi lake kama sentimita 3, sahani lake mita 37. Haikimbizani na kitu, inatazama sehemu moja imetulia, kikipita inahesabu, hata cha chini ya sentimita 1. Mjomba akadakia, "Kama wale wanaokuja mwaloni wanapima ndoo mbili tatu halafu wanatuambia ziwa zima lina dagaa kiasi gani!" Hivyo hivyo mjomba. Ila hesabu ya namna hiyo haimwambii mwenye setilaiti sogea kuna kitu kinakuja, na vinakuja kwa zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, Mwanza mpaka Dar hata dakika mbili hazifiki.

Tena hata sangara, yaani vile vikubwa, wanagongana. Februari 10, 2009, setilaiti mbili, Iridium 33 na Kosmos 2251 iliyokuwa ishakufa, ziligongana juu ya Siberia, na zote mbili zilikuwa kwenye orodha.

Mjomba akacheka sana, akaomba simu yangu amulike plagi.