Siku Moja Maishani Mwangu: Faili Nne Tupu

Saa kumi na mbili asubuhi simu ililia kabla sijashuka kitandani. Ni kijana wetu wa mafunzo, yeye hufika ofisini na mapambazuko kwa sababu ya intaneti.

"Bosi, ripo imekufa. Nifute folda tuanze upya?"

"Omera, usiguse kitu! Hata kuzima usizime."

Ripo ni hifadhi ya Git, programu inayotunza kila toleo la msimbo wetu wa kompyuta, na yetu inakaa kwenye seva ya ofisi. Usiku mvua ilikuwa imeipiga Kisumu, radi ikinguruma juu ya ziwa, stima ikapotea. Betri ya akiba ya seva ilichoka zamani, na wa kununua nyingine ni mimi. Kila mwezi nilikuwa nikisema mwezi ujao.

Saa moja na nusu. Boda kutoka Mamboleo hadi mjini, suruali matope matupu. Kabla ya chai nilinakili ripo nzima, na uharibifu wake wote, kwenye diski ya nje. Kijana alinishangaa: nani huhifadhi kitu kibovu? Lakini ukikosea ukitibu, huna pa kurudi. Nikamtuma mandazi.

Saa tatu nikaendesha git fsck --full kwenye nakala. Amri hii haitengenezi chochote, hupitia tu kila kipande cha data kilichohifadhiwa kwenye ripo na kusema kipi hakiko sawa. Ililalamikia vinne, vyote kwa maneno yale yale: faili ni tupu.

Hapa ndipo Git hunifurahisha. Kila kipande hupewa jina la herufi na tarakimu 40, linalokokotolewa kwa hesabu iitwayo SHA-1 kutokana na kilichomo ndani. Mbili za kwanza huwa jina la folda, 38 zilizobaki jina la faili. Badilisha nukta moja na jina halitalingana tena, kwa hiyo uharibifu hauna pa kujificha. Nikafungua folda zile nne. Faili zipo, majina kamili, ukubwa baiti 0. Zote ziliandikwa 02:17, yaani saa nane na dakika kumi na saba usiku. Nikaangalia kumbukumbu za seva: mstari wa mwisho kabla ya kimya ni wa dakika hiyo hiyo.

Basi si diski inayokufa (smartctl, amri ya kupima afya ya diski, nayo haikuonyesha sekta mbovu). Mtu alikuwa akisukuma kazi, yaani akiituma kwenye seva, stima ilipokatika. Jina la faili lilishaandikwa kwenye diski, lakini yaliyomo yalikuwa bado kwenye RAM, ambayo husahau yote stima ikikatika, yakisubiri zamu. Msukumo wenye vipande chini ya 100, Git huvifungua kimoja kimoja badala ya kuviweka pamoja kwenye pakiti, ndiyo maana vidogo hivi vilibaki peke yao gizani.

Nani hufanya kazi saa nane usiku? Sote tulimjua: mwenzetu wa Maseno. Simu yake imezimwa. Kwao pia hakuna stima.

Saa saba nikaenda kula ngege na ugali karibu na soko la Jubilee, roho juu. Kijana alipendekeza turudishe tawi, yaani mfululizo wa kazi yetu, kwenye komiti (hatua iliyohifadhiwa) ya juzi tuendelee. Ingewezekana, ila ni kutupa kazi ya mtu akiwa usingizini, na mimi nisingependa kufanyiwa hivyo.

Saa tisa kasoro mwenzetu akaingia mwenyewe na laptopu yake, hana habari. Nikatafuta majina yale manne kwenye ripo yake: komiti moja, orodha mbili za folda, faili moja ya msimbo. Zote nzima. Nikazitia kwenye flashi, nikafuta zile tupu kwenye nakala, nikaweka hizi mahali pake, nikarudia fsck. Malalamiko yakaisha, yakabaki maneno "dangling commit" mawili. Kijana akashtuka tena. Hayo si ugonjwa, ni komiti ambazo hakuna tawi linalozishika, mabaki ya kawaida ya kazi. Ndipo nikafanya vivyo hivyo kwenye ripo yenyewe.

Saa kumi na moja nikaweka mpangilio wa Git uitwao core.fsync uwe all (yote), ili Git isiseme imemaliza kabla diski haijapokea. Itakuwa polepole kidogo, na wenzangu watanung'unika.

Nilipokuwa nikifunga mlango, mawingu yalikuwa yamejaa tena upande wa ziwa. Nikarudi ndani nikazima seva, kisha nikapanda tuktuk kwenda kuulizia bei ya betri.